Gari moja, kazini wiki nzima na koni wikendi: mliochagua tayari tupeane uzoefu

#1 (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nabadilisha gari, na safari hii nataka moja ifanye kazi mbili, siku za kazi inipeleke na kunirudisha, wikendi moja moja niingie nayo autokrosi. Kwa wasioijua, koni zinapangwa kwenye uwanja mpana wa lami, mnaingia mmoja mmoja na saa inahesabu, mzunguko mara nyingi ni kama dakika moja na ukigonga koni unaongezewa muda (SCCA, klabu ya mbio za magari kule Marekani, ni sekunde 2 kwa koni). Sasa kila ninayemuuliza ananitajia hosipawa, hakuna anayeniambia Jumatatu asubuhi anaishije na hiyo gari. Nataka stori za wenye gari: ulichagua nini, kwa nini, na sasa unaionaje. Gari ya ndoto ambayo hujawahi hata kuikalia weka pembeni kwanza.

#2
Mimi nina Mazda MX-5 toleo la nne, ile ND iliyoanza 2015, na ndio gari yangu pekee, sina ya akiba. Niliichagua kwa uzito basi. Iko kwenye tani moja na kidogo, injini mbele tairi za nyuma zinasukuma, na kwenye koni karibu muda wote uko gia ya pili kwahiyo hosipawa nyingi huna pa kuzimwagia, ukikanyaga tu koni inayofuata hii hapa unatakiwa ushike breki. Kwenye slalomu (koni za mstari unazipita kwa kupinda kushoto kulia) gari nyepesi inahama upande ukiigusa stelingi, ile nzito yenye hosipawa 400 bado inayumba na kona ya nyuma yake. Alafu gari nyepesi haili sana tairi wala breki, hii faida watu hawaisemi kabisa na kwa mtu mwenye gari moja ndio inayookoa mfuko.

Kuishi nayo sasa. Siti mbili, buti lita 130, yani mabegi mawili laini na buti limejaa. Mimi sina wa kumbeba kwahiyo nilishakubaliana na hilo kabla ya kusaini. Ila ukiwa mrefu usinunue mpaka ukae ndani umevaa helmeti na paa limefungwa, maana bila helmeti utajiona unaenea vizuri tu, ukiivaa shingo inapinda. Nimeona jamaa mrefu ametoa sponji ya siti yote ili akae chini.

#3
Mkuu #2 sawa, na tairi za mashindano (seti ya pili ya kufunga ukifika uwanjani) unazibeba kichwani?

Mimi kilichoniamulia ni hicho. Nina Toyota GR86, ukilaza siti ya nyuma magurudumu manne yanaingia na jeki juu yake, na hawakubahatisha, Toyota walilipangia hilo tangu ile 86 ya kwanza ya 2012. Hiyo siti ya nyuma kwa binadamu mzima sahau, ni ya begi. Hii mpya injini ni 2.4 badala ya 2.0 na kinachonifurahisha sio namba ya hosipawa, ni kwamba nguvu ya kuvuta inafika kileleni rpm 3,700 wakati ile ya zamani mpaka uivute juu ya 6,400. Kwenye koni unatoka kona taratibu sana, kwahiyo unaihitaji huku chini. Pacha wake Subaru BRZ ni stori ileile, tofauti ndogo ndogo za saspensheni.

#2
Kitrela mkuu 😂 Kuna vitrela vidogo vya kubeba tairi nne, unafunga ndoano nyuma ya hii MX-5 unavuta. Wanacheka mpaka ubao wa muda utoke.

#4
Mnaongelea siti mbili, wengine tuna watoto wawili na viti vyao vya usalama. Mimi niliuliza milango mitano kwanza, mambo mengine baadae. Nina Honda Civic Type R ya FK8, zile za 2017 mpaka 2021, inavuta kwa mbele na najua kuna wanaume hapa wameshaanza kukunja sura. Waendelee tu.

Kwa gari ya kuvuta mbele kitu cha kuangalia ni difu. Kabla ya hii nilikuwa na hachibeki nyingine, jina naliacha, haikuwa na LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), na kila ukitoka kona ya kubana gurudumu la ndani linapiga mluzi linachezea lami bure, gari haiendi, unasubiri mpaka unyooshe stelingi ndio nguvu ishike. Yenye LSD unakanyaga mapema na inajivuta yenyewe kuingia ndani ya kona. Kingine ni mbele kukataa kugeuka ukiingia na mwendo mwingi, hapo unaongeza kidogo presha ya tairi za nyuma ili mkia ulegee, unashika breki gari ikiwa imenyooka, ukiachia mkia unakuja wenyewe, wakati mwingine gurudumu la nyuma la ndani linanyanyuka kabisa hewani na picha zinapendeza. Tukimaliza narudisha presha, naweka viti vya watoto, naenda zangu sokoni.

#1 (mleta uzi)
Dada #4 asante sana, hiyo ya viti inanihusu mno. Swali kwa wote, hizo tairi za pili ni lazima? Siwezi kushindana na zilezile za kuendea kazini?

#5
Tairi njoo kwangu. Unaweza, na mwaka wa kwanza nakushauri ufanye hivyo hivyo, maana tairi ya kawaida inalia mapema na kuteleza taratibu, inakufundisha. Tairi kali inakuficha makosa mpaka inapoachia, na ikiachia inaachia kweli.

Ukishazoea ndio utaanza kusoma pembeni ya tairi, kuna namba ya tredweya, ikiwa ndogo ndio tairi laini inayoshika zaidi na kuisha haraka. Madaraja (makundi ya kushindania) mengi ya gari za mtaani kikomo ni 200, isipungue hapo. Yokohama A052 na Bridgestone RE-71RS zote zimeandikwa 200, zinashika lami kwa namna ambayo mara ya kwanza utadhani umebadilishiwa gari, ila zinaisha haraka, zina kelele, zikiwa za baridi hazina maana na kwenye maji yaliyotuama ni hatari. Kuendea kazini kila siku na hizo ni kuchoma hela barabarani. Na hiyo namba kiwanda kinajipimia chenyewe, kwahiyo 200 ya huyu na 200 ya yule sio kitu kimoja, usilinganishe kwa namba tu, sikiliza wanaozitumia. Kama hutaki seti mbili kaa katikati, mfano Michelin Pilot Sport 4S imeandikwa 300, kwenye mvua unaiamini na kwenye koni haikuaibishi, ushindi ndio utasahau.

Sasa hapa ndio inarudi kwenye kuchagua gari. Angalia saizi ya tairi KABLA ya kununua gari. Kuna chuma inakuja na rimu kubwa na saizi ya ajabu, ukitafuta tairi kali za saizi hiyo unapata aina moja au hupati kabisa. Angalia pia kama camber (mwinamo wa tairi kwa ndani au nje) inarekebishika gari ikiwa kama ilivyotoka kiwandani au mpaka ununue vifaa, maana gari ikiinama kwenye kona tairi ya mbele inasimamia bega la nje na kulimaliza. Paka chaki pembeni ya tairi, piga mzunguko mmoja, utaona chaki imefutika mpaka wapi, hapo unajua presha inataka kuongezwa au kupunguzwa. Ila ukiegemeza tairi sana kwa ndani alafu ukafungua na toe ya mbele (tairi mbili zikatazama nje kidogo) ili igeuke haraka, wiki nzima ya kwenda kazini italamba tairi upande wa ndani mpaka nyuzi na kwa nje bado inaonekana mpya.

#6
Naongezea ya jamaa yangu. Ana sedani ya turbo inayovuta magurudumu yote, kwenye kuondoka mstarini na siku ya mvua hakuna wa kumgusa. Akaanza: springi fupi ngumu, bushi za plastiki, egzosi, injini ikafanyiwa programu. Muda ukashuka kweli, ila hizo modi (mabadiliko aliyofanya) zikamhamisha daraja akajikuta anashindana na magari yaliyovuliwa mpaka viti, akawa wa mwisho na muda mzuri kuliko wa mwanzo. Na mke wake hapandi tena hiyo gari, kila tuta anashika mgongo.

Kwahiyo soma kanuni za daraja kwanza. Mfano SCCA kwenye daraja la Street wanakuruhusu kubadilisha shokapu na stabilaiza (chuma cha kupunguza gari kuinama) ya upande mmoja tu, mbele au nyuma. Kwa gari ya kila siku hiyo inatosha sana, shokapu nzuri inasaidia hata safari ya kawaida.

#7
Mbona hakuna aliyetaja injini katikati? Nina Toyota MR2 ile ya mwisho, iliishia 2007, tani moja hivi, stelingi ukiifikiria tu imeshageuka. Buti hakuna. Sitanii, hakuna. Na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unakupita, kwahiyo kama ndio unaanza niache nayo mimi.

#8
Breki mmeiruka. Usidanganywe ufunge pedi za treki, zile zinataka joto ndio zishike, na dakika moja ya koni haziwezi kupata joto, kwahiyo kona ya kwanza unakanyaga na gari inaendelea na safari, alafu siku za kazi zinapiga kelele kila taa nyekundu. Pedi za barabarani za daraja la juu kidogo zinatosha.

Na kabla hujalipia hakikisha ile mitambo ya kuzuia kuteleza inazimika yote. Kuna gari unabonyeza kitufe, taa inawaka kwamba imezima, ukiingia slalomu inakukata nguvu katikati.

#1 (mleta uzi)
Nimebakiwa na hachibeki ya LSD na 86, nyingine nimezifuta, mvulana wangu anaenda shule na mimi kila asubuhi. Foleni za kila siku je, nikichukua otomatiki nimepoteza?

#4
Nenda na kiti cha mtoto mkononi ukakifunge kwenye hiyo 86 mbele ya muuzaji, jibu utalipata palepale. Otomatiki mimi siipingi, gia ya pili utaiweka kabla ya kona ya kwanza na hutaigusa tena mpaka mwisho, ila muulize kama ya otomatiki inakuja na difu ileile ya ile ya gia za mkono, sio kila gari wanakupa. Na bima usome, nyingi hazikulipi ukiharibia gari kwenye mashindano ya muda.

#3
Siti ya 86 umeisema ukweli dada, sina la kubisha 😂