Mayhem na albamu yao ya kifo: waliimba walichokijua?

Kijana_wa_Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Tangu tumzike baba mdogo, nyimbo nilizozizoea haziniingii. Rafiki kanirushia albamu ya De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem, bendi ya roki nzito ya Norway. Gitaa linavuma kama nyuki waliochokozwa, lakini wimbo wa "Freezing Moon" unaanza polepole, nyuzi zikidondoka mojamoja. Nilikuwa naanika dagaa, nikaacha. Mnaoijua, nielezeni: hawa walikijua kifo, au ni vitisho tu?

Fundi_Redio_Tabora: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Walikijua mno. Bendi ilianza 1984, albamu ikatoka 1994. Dead, mwimbaji wao Mswidi aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi, alijiua Aprili 1991. Agosti 1993 mpiga gitaa Euronymous akauawa. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, Varg Vikernes, ndiye anayepiga besi humo humo. Muuaji na marehemu kwenye rekodi moja! Naipenda sana kazi hii, ila hilo huninyima raha hadi leo.

Dada_Mwanga: Kaka, majonzi bado mabichi. Usiisikilize usiku ukiwa peke yako, kaa na ndugu zako kwanza.

Kijana_wa_Ujiji: Nimekusikia, dada. Sasa mashairi ya Dead anaimba nani?

Fundi_Redio_Tabora: Attila Csihar wa Hungaria. Mara anaghuna, mara anavuta sauti nzito ya ibada. Na ule mwangwi wa ngoma za mpigaji wao Hellhammer ni wa Grieghallen, ukumbi mkubwa wa muziki mjini Bergen walikorekodia. Vaa spika za masikioni, za simu zinauficha.