Benki wananitoza bima ya nyumba mpaka kwenye kiwanja, hivi udongo nao unaungua?

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima nikasema nikiendelea kunyamaza nitapasuka, kwa hiyo nisameheni kwa urefu, na mwenye haraka apite tu.

Jumanne iliyopita saa 5 usiku, naangalia marudio ya mpira, simu inalia, meseji ya benki: zimekatwa 774,375. Kitu cha kwanza nikajua nimepigwa na wale wa "tuma kwenye namba hii". Nasoma vizuri nakuta pembeni wameandika BIMA NYUMBA. Laki saba na themanini kasoro, usiku wa manane, bila simu, bila barua, na hiyo ndiyo ilikuwa hela ya rejesho la mwezi, kwa hiyo siku mbili mbele rejesho likaja likakuta akaunti imekauka na nikapigwa faini ya kuchelewesha rejesho. Yaani wao ndio wamekula hela halafu mimi ndiye mchelewaji.

Niwaweke sawa. Nyumba ipo Salasala, nilinunua 2019 kwa mkopo wa miaka 15, na kama mnavyojua ukichukua mkopo wa nyumba bima ni lazima. Sina ugomvi na hilo. Nyumba ikiungua benki inabaki na hati ya majivu, naelewa. Miaka yote hiyo nimekuwa nakatwa 619,500 kila mwaka na sijawahi kuuliza, ujinga wangu nakubali, ukishakuwa na mkopo unazoea kukatwa kama mtu anavyozoea kuumwa na mbu.

Safari hii nikaenda. Dawati la bima liko hapohapo ndani ya benki, kona ya kulia ukiingia, kuna dada mmoja mpole sana na sina shida naye. Namuuliza dada yangu hii 774,375 mmeipataje? Anabofya bofya, ananiambia "kaka, thamani ya mali yako imepanda, mfumo umehuisha wenyewe." Thamani imepanda nani kaja kupima? Hajaja mtu. Waliongeza asilimia 25 juu ya thamani ya 2019 wakiwa wamekaa kwenye kiyoyozi. Nikamwambia niandikie hesabu kwenye karatasi, akageuza fomu ya kuweka hela akaandika nyuma yake: 262,500,000 x 0.25% = 656,250, VAT 18% = 118,125, jumla 774,375.

Hapo ndipo nilipoamka. Hiyo 262.5 ni 210 imeongezwa robo. Na 210 naijua, ni bei ya soko ya nyumba PAMOJA NA KIWANJA kwenye ripoti ya mthamini, ripoti ambayo wao wenyewe walinilazimisha niilipie kwa mthamini wao.

Nikarudi home nikaitafuta hiyo ripoti, iko kwenye bahasha ya kaki chini ya vyeti vya watoto. Ukurasa wa karibu na mwisho kuna jedwali dogo. Thamani ya soko milioni 210, kati ya hizo kiwanja cha sikwea mita 900 milioni 90, jengo milioni 120. Thamani ya kuuza kwa mnada milioni 157.5. Halafu mstari wa chini kabisa, maandishi madogo: gharama ya kujenga upya kwa ajili ya bima, milioni 130.

KWA AJILI YA BIMA. Mthamini kaandika kabisa, kawarahisishia kazi, na wao wakaruka ule mstari wakaenda kuchukua namba kubwa kuliko zote.

Kwa wasioelewa kwa nini napiga kelele. Bima ya moto ya nyumba haikulipi bei ambayo ungeuzia. Inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, basi, hakuna faida. Nyumba yangu ikiteketea yote leo, kampuni ya bima italeta watu wake wapime gharama ya kusimamisha jengo lilelile, tofali, nondo, bati, madirisha, kusomba kifusi, fundi, mchoraji. Kiwanja asubuhi yake kitakuwa palepale na mipaka yake. Kwa hiyo hata kama nimelipia milioni 262, hakuna mtu atanipa 262. Yaani mwaka huu nimelipia kinga hewa ya zaidi ya milioni mia moja.

Piga hesabu ya zamani. Kama 2019 wangetumia ile 130 kwa rate yao ileile ya 0.25, ni 325,000, weka VAT 58,500, inakuja 383,500. Nimelipa 619,500. Tofauti 236,000 kwa mwaka, mara miaka mitano ni 1,180,000. Hiyo ni tiles za kibaraza chote na chenji inabaki.

Na kabla hamjaniambia vifaa vimepanda, najua vimepanda, mimi nimeenda dukani kununua saruji. Nina rafiki mkadiriaji majenzi nikamwomba anipigie hesabu ya sasa hivi. Jengo lina sikwea mita 180, akaniambia kwa finishing yako weka 830,000 kwa sikwea mita ukijumlisha na kusafisha eneo, inakuja kama milioni 150. Sawa, nakatia bima 150, sitaki kujipunja. Maana kuna watu watanishauri shusha iwe hata 70 ulipe kidogo, hapana wakuu, huo ni mtego mwingine. Ukiikatia nusu ya gharama halisi, likiungua jiko tu la milioni 20 wanakulipa nusu yake, 10, kwa hoja kwamba nusu nyingine ulijibebea mwenyewe. Kipengele hicho kipo kwenye mikataba mingi na kinaumiza watu wengi.

Kwa 150 na rate yao ni 442,500. Nikaenda kwa broka (dalali wa bima) mmoja mjini, wa nje kabisa ya benki, kanipa kotesheni ya 0.15, na VAT ni 265,500. Nikashtuka, mbona chini hivi? Kusoma kumbe mafuriko hayamo. Nikamwambia weka mafuriko, ikapanda 0.18, jumla 318,600. Nawaambia hili makusudi kwa sababu ukilinganisha bei bila kulinganisha kilichomo ndani unajidanganya, na Dar hii ukikata bima isiyo na mafuriko umenunua mwavuli wa kiangazi. Lakini hata na mafuriko yote, 318,600 dhidi ya 774,375. Jamani.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Masika iliyopita ukuta wangu wa nyuma ulilala, kama mita 14, maji yalijaa upande wa jirani ukashindwa. Nikapeleka madai. Nikajibiwa ukuta wa uzio na geti havimo kwa uharibifu wa mvua. Nikaomba nione mkataba, maana tangu 2019 sijawahi kupewa mkataba, napewa kavanoti tu, ile karatasi ya ukurasa mmoja ya kuonyesha una bima. Ilichukua siku 11 kunitumia pdf. Kweli, ukuta haumo. Mmomonyoko wa ardhi nao haumo (kuna mtu atakuja hapa kusema mto unaweza kula kiwanja, mto ukila kiwanja changu hawalipi kitu, imeandikwa). Yaani kiwanja kinalipiwa bima lakini ukuta uliosimama juu ya hichohicho kiwanja hauna bima. Niliucheka huo mkataba peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akaja kuniangalia.

Nikarudi benki na makaratasi yangu. Safari hii nikapandishwa kwa bosi wa mikopo. Hoja yake: "Bima inalinda dhamana, na dhamana yetu ni mali yote." Nikamwambia mkuu, deni langu limebaki milioni 148, na jengo nalikatia 150, hapo umepungukiwa nini? Kimya. Nikamuuliza naweza kuleta bima ya kampuni ninayoitaka mimi, jina la benki likaandikwa kama mlipwaji wa kwanza? Akasema "inawezekana lakini tunashauri utumie ya kwetu kwa urahisi." Urahisi wa nani? Benki hapo ni wakala, anakula kamisheni ambayo ni asilimia ya premiamu, yaani ile ada ya bima ninayolipa, mimi nikilipa kikubwa na yeye anapata kikubwa. Sisemi walikaa wakapanga kuniibia. Nasema hakuna mtu mle ndani mwenye sababu ya kusoma ule mstari wa chini.

Nilichofanya: nimeandika barua nakala mbili, moja imegongwa muhuri wa mapokezi nimebaki nayo, nataka bima ishushwe iwe 150, zilizozidi mwaka huu zirudi, faini ifutwe, na ya miaka ya nyuma tuzungumze. Wasipojibu naenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na kuna msuluhishi wa migogoro ya bima, TIO, nasikia hawahitaji wakili.

Mwenye mkopo wa nyumba hebu achomoe ripoti yake ya uthamini leo. Tafuta namba ya kujenga upya, halafu angalia kavanoti imeandikwa ngapi. Njoo uandike hapa zote mbili, nataka kujua ni mimi tu au tumo wengi.

EDIT: mnaosema ningetumia broka tangu mwanzo, 2019 nilikuwa natafuta saini ya mkopo mkuu, wangeniambia nikate bima ya mwezi na jua ningekata.

EDIT 2: yule dada wa dawati kanipigia sasa hivi. Faini imefutwa. Kuhusu mengine anasema barua yangu wameipeleka makao makuu, halafu akashusha sauti akaniuliza, "kaka, hiyo namba kwenye ripoti iko ukurasa wa ngapi? Na mimi nina mkopo hapahapa."