Majirani Shangani, Mtwara

Mama Zuhura: Jamani poleni kwa kelele. Ile alamu yangu ndiyo iliyokuwa ikilia pii pii tangu saa nane usiku. Mwizi hakuna.

Babu Chande: Nimetoka na panga, msuli nimeufunga njiani. Nikajua korosho za watu zinaondoka.

Mama Zuhura: Shikamoo babu, nisamehe 🙏 Betri imekwisha. Ajabu umeme haukukatika, na LUKU ina yuniti.

Fundi Hassani: Adapta umeichomeka wapi?

Mama Zuhura: Sebuleni, kwenye ekstensheni ya TV.

Fundi Hassani: Na nani huizima?

Mama Zuhura: Mimi 🙈 Kila nikienda kulala. Naogopa shoti.

Asha: Yaani mlinzi unamlaza wewe mwenyewe 😂😂

Fundi Hassani: Betri ya miaka mingapi?

Mama Zuhura: Tangu 2019.

Fundi Hassani: Hizo huchoka baada ya miaka 3 hadi 5. Ikiwa mpya, ya volti 12 ampia-saa 7, paneli ya alamu ikivuta ampia 0.3 unapata kama saa 23. Yako imebaki boksi. Nunua nyingine, halafu nikufungie soketi isiyo na swichi, juu, karibu na paneli, ya adapta peke yake. Kwenye plagi fyuzi ya ampia 3 yatosha, si ya 13. Usiishirikishe na friji wala pampu, breka ikiruka huko alamu nayo inakosa umeme.

Babu Chande: Mimi swichi nimeibandika selotepu.

Fundi Hassani: Babu, una wajukuu wangapi?

Babu Chande: Basi njoo na kwangu.

Asha: Yangu haina adapta, waya wa 230 unaingia moja kwa moja kwenye paneli.

Fundi Hassani: Hiyo transfoma imo ndani. Inataka kiboksi cha fyuzi ukutani, kisicho na swichi, ampia 3 vilevile. Usiifungue mwenyewe kabla hujazima breka.

Mama Zuhura: Na Jumatatu naenda Newala kwenye unyago, wiki nzima. Yuniti zikiisha?

Fundi Hassani: Betri haifiki siku ya pili. Jaza za kutosha kabla ya safari. Kwa simu utanunua hata ukiwa Newala, lakini namba lazima mtu aziingize kwenye mita.

Mama Zuhura: Babu, nitakutumia namba wewe.

Babu Chande: Tuma mchana. Usiku nipo na panga.

Asha: 😂😂😂

Fundi Hassani: Kesho saa tatu nipo kwako, mama. Ngazi unayo?

Mama Zuhura: Ipo kwa babu.