Bwawa la nyuma ya nyumba halishiki maji, nimekosea wapi?

mama_bata: Mwangaluka wakuu. Niko Buswelu, Mwanza. Nimechimba bwawa la mita 6 kwa 4, kina mita moja, nifugie sato wa mboga na bata wapate pa kuogelea. Udongo wa hapa luseni mtupu, yaani mchanga, na upande mmoja jabali limeingia ukutani. Nikaleta udongo wa mfinyanzi mweusi wa mbugani tripu mbili za Canter, nikatandaza chini na kuta zote, nikaumwagia maji hadi ukawa uji, watoto wakaukanyaga jioni nzima kwa nyimbo. Sasa kila asubuhi maji yameshuka shubiri. Mzee wangu anacheka, eti nimechimba chujio.

mvuvi_mstaafu: Nunua plastiki ya kutandika bwawani ulale.

fundi_matofali: Dada, plastiki ngoja kwanza. Jua letu halinywi hata kidole kimoja kwa siku, hivyo huko ni kuvuja. Maji yanakwisha kabisa au yanagota mahali?

mama_bata: Yanagota magotini, siku zote hapohapo. Usawa wa mguu wa jabali.

fundi_matofali: Basi umeshajijibu. Mfinyanzi wa uji ukikauka hunywea, unaachana na jiwe, maji yanapita katikati. Fukua pale upana wa mkono mzima. Sugua jabali kwa brashi mpaka mchanga uishe, lilowanishe. Udongo mpya uwe na unyevu tu: ukiuviringisha utoke kamba nene kama penseli isiyokatika, na kiganja kisibaki na tope. Chambua mawe na mizizi. Weka tabaka la vidole vinne, shindilia kwa gogo mpaka kisigino kisizame, kwaruza juu kwa jembe, ndipo uongeze jingine. Hapo jabalini fikisha sentimita 30. Miguu ya watoto haitoshi, wala usilipe fundi wa kupiga lipu, hiyo si kazi yake. Funika kwa magunia mabichi. Mbuga ikikauka inapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukimaliza jaza siku hiyohiyo, polepole, mpira umwagie juu ya gunia usichimbe sakafu.

mama_bata: Nimerudi wakuu. Nilipofukua, kidole changu chote kiliingia kati ya jabali na udongo. Ndani kumelala mchanga msafi kama uliochekechwa, njia ya maji kabisa! Nimeshindilia siku mbili kwa gogo la mwembe, mzee kapokea zamu bila kuombwa. Tangu jana limeshuka unene wa ukucha. Bata wameshaingia, sato bado. Hawa bata hawatanichimbia kingo?

fundi_matofali: Watachimba. Wamwagie kokoto pale wanapopandia.

mvuvi_mstaafu: Plastiki naifuta. Huo udongo wa mbugani umeuchota upande gani?