Kioo cha MEMS: nikipandisha frikwensi pembe inaporomoka ghafla, springi ndo tatizo?

Kioo_Kidogo
Wakuu kwema? Niko masta huku Ujerumani, kazi yangu ni vile vioo vidogo vya kuchezesha leza huku na huku, vya kwenye projekta ndogo na miwani ya kidijitali, vinachongwa kwenye silikoni (ndo MEMS, vifaa vidogo vya kipimo cha mikroni). Changu kina kipenyo cha milimita 1 na unene wa mikroni 30, kinaning'inia kwenye springi mbili za kujisokota, kila moja urefu mikroni 300 upana 10. Wanaokisukuma ni mikono minne ya piezo (inajikunja ikipewa volti), miwili kila upande, nimeipunguza unene ikabaki mikroni 6, inatoka kwenye fremu imenyooka hadi kwenye kioo na inakishika mikroni 150 kutoka kwenye mhimili.

Sasa vituko. Simulesheni ilisema rezonansi, yaani frikwensi ambayo kioo kinabembea zaidi, ni 5,000 Hz, mezani napata 4,330. Hiyo moja. Ya pili ndo inaninyima usingizi. Volti zikiwa ndogo mchoro wa rezonansi ni kilima kizuri tu, nikiongeza volti kilima kinalala kulia kama mnazi uliozoea upepo wa kusi, napandisha frikwensi taratibu pembe inakua inakua hadi karibu digrii 5 pale 4,555 Hz halafu paap! inaanguka chini ya digrii 1. Nikirudi nyuma haipandi palepale, inang'ang'ania chini hadi 4,380 hivi ndo inaruka juu.

Msimamizi kasema "springi zako zinakakamaa" akaondoka. Nawaza kurefusha zile springi mbili za kujisokota za kati ziwe mikroni 500 zisijikaze sana. Naomba mawazo kabla sijapeleka maski mpya (kiolezo cha kuchongea), zamu ya chumba safi (maabara isiyo na vumbi) hapa unaisubiri miezi.

Mlugaluga
Nimeelewa "wakuu kwema" na "naomba mawazo". Naweka jamvi hapa nisubiri wataalamu.

Mama_Rezonansi
Mdogo wangu usiguse hizo springi za kati, hazina kosa.

Tuanze na 4,330. Springi ya kujisokota ugumu wake unafuata upana kwa kipeo cha tatu ikiwa nyembamba, kwa hiyo ukichonga ikapoteza mikroni 1 kati ya 10 ugumu unashuka kama robo na frikwensi kama 13%. Toa 13% kwenye 5,000 uone unafika wapi. Piga picha ya hadubini ya elektroni upime upana, tena pima juu NA chini, ukuta wa kuchonga mara nyingi haushuki wima.

Sasa kukakamaa. Springi iliyonyooka ikisokotwa tu, nyuzi za pembeni zinavutika kidogo mno. Kwa vipimo vyako nimekokotoa juujuu hapa kwenye karatasi, hata kwa digrii 10 inahamisha rezonansi chini ya Hz 1. Wewe umehama zaidi ya 200! Angalia mikono. Digrii 5 kwenye mikroni 150 ni kupanda mikroni 13, na mkono una unene wa 6, umebanwa huku kwenye fremu na kule kwenye kioo. Ni kamba ya kuanikia nguo hiyo. Ukiibonyeza katikati mwanzo inakubali, ukiendelea lazima irefuke na haina pa kupata huo urefu, inakaza. Boriti iliyobanwa ncha zote mbili inaanza tabia hiyo pale msogeo unapokaribia unene wake, wewe uko mara mbili. Nguvu inaongezeka kwa pembe na pia kwa pembe kipeo cha tatu, ndo ile milinganyo ya Duffing, Mjerumani huyo wa 1918, uko kwao kabisa.

Ungekuwa unasukuma kwa umeme tuli na sahani mbili zinazotazamana kilima kingelala kushoto, kwa sababu umeme unazidi kuvuta kadiri nafasi inavyopungua, ni kama springi imelegea. Kwako kimelala kulia kwa hiyo ni chuma kinachovutika, yaani silikoni, nimezoea kusema chuma.

Jipime: chukua volti nne tofauti, andika kilele kimehama Hz ngapi na pembe ngapi. Kama kuhama kunafuata mraba wa pembe, basi.

fundi_nywele
Mimi natengeneza saa za mkono, hayo ya piezo siyajui. Ila ile springi nyembamba ya saa tunayoiita nywele, mizunguko yake ikigusana, labda saa ilikaa karibu na sumaku, saa inakimbia. Kwa sababu sehemu ya springi imefungwa, iliyobaki ni fupi na ngumu zaidi. Kwa hiyo bibie namwelewa kabisa, siku zote tafuta palipobanwa.

mkata_wafa
Mbona mnahangaika na umbo? Acha ilale. Usiendeshe kwa frikwensi uliyoigandisha, weka saketi inayofuata fezi, yaani kioo kimechelewa kiasi gani nyuma ya msukumo, kioo kikiwa nyuma ya msukumo kwa digrii 90 unakaa kileleni hata kama kilima kimelala chali. Watu wanauza vioo namna hiyo.

Mama_Rezonansi
@mkata_wafa kufuata fezi ni lazima, sikatai, hata joto tu linahamisha frikwensi ya silikoni kama sehemu 30 kwa milioni kwa kila digrii, na ukiganda ukingoni mwa jabali siku leza ikipasha kioo unaanguka. Ila yeye anataka picha, na picha inataka frikwensi isiyobadilika kila akigusa ukubwa wa pembe. 5% ni nyingi mno. Saketi isitumike kuficha mkono uliobanwa.

Kioo_Kidogo
Nimerudi, samahani kwa kimya. Upana juu ni 9.2, chini 8.7. Aibu, ila nimefurahi.

Kuhama kwa kilele: digrii 1 → 9 Hz, digrii 2 → 35, digrii 3 → 80, digrii 4 → 138. Mraba kabisa, ile ya mwisho imepungua kidogo. Halafu nikachukua chipu moja iliyokuwa na mkwaruzo, nikakata kwa leza mikono miwili, mmoja kila upande (ya kwanza niliivunja kioo chote, tusiizungumzie), iliyobaki kuhama kumeshuka karibu nusu.

Kwa hiyo springi za kati haziguswi. Nimechora mikono mipya, ile sehemu inayoshika kioo nimeikunja mikunjo mitatu ili ipate pa kunyooka. Simulesheni inasema pembe digrii 5 inahama Hz 11 tu! Mikunjo imelegeza mambo mengine lakini, rezonansi ya kioo kupanda na kushuka kizima sasa ni 8,690 Hz, zamani ilikuwa juu ya 14,000. Natuma maski Ijumaa.

Mama_Rezonansi
USITUME. Rezonansi yako ya kusokota nayo lazima imeshuka kidogo, tuseme 4,340. Zidisha kwa mbili.

Kioo_Kidogo
8,680. Mungu wangu.

Mama_Rezonansi
Eeh. Mikono ikiwa juu tu ya kioo na si chini, umbo halina ulinganifu, kila kioo kinapobembea kwenda na kurudi kinapata msukumo mdogo wa juu mara mbili. Ukikutana na rezonansi ya kupanda na kushuka palepale nishati inahamia huko, doa la leza linavimba na utalaumu lenzi. Punguza mikunjo iwe miwili, au nenepesha kiungo cha kati cha mkunjo, ifike angalau 10,000. Ukikubali kuhama Hz 20 badala ya 11 hutakufa.

Mlugaluga
Jamvi bado liko hapa. Ijumaa ipi sasa?

Kioo_Kidogo
Ya wiki ijayo mkuu. Mikunjo miwili imetoa 10,400 na kuhama Hz 19. Mchoro nimemkabidhi mkufunzi wa chumba safi leo.