Naombeni ushauri: chumba cha kukaa Tübingen, Ujerumani, nichukue kipi?

mtoto_wa_rau

Wakuu salaam. Nimepata nafasi ya masters Tübingen, mambo ya jiolojia na mazingira, masomo yanaanza Oktoba. Viza nimeshaomba, bloki akaunti, ile ya kuonyesha ubalozi kwamba una hela ya kuishi, imeshajaa ile euro 11,904 ya mwaka mzima, na hapo ndo mjue ukoo mzima umechanga, mzee kauza kiwanja cha Msaranga na shangazi zangu wa Uru wamekopa vikoba. Kwaiyo sina hela ya kukosea.

Ishu yangu ni chumba. Hapa Moshi nimepanga miaka mitatu, nawajua madalali, najua kodi ya miezi sita, luku ya kushea na maji ya kukinga usiku, ila kule sijui pa kuanzia. Mpaka sasa nina vitu vitatu. Kuna hosteli za wanafunzi, zile za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, nimeomba siku nyingi lakini jibu ni lilelile, uko kwenye foleni. Kuna jamaa nimempata mtandaoni ana apatimenti nzima mji mkongwe, picha nzuri mno, sakafu ya mbao, jiko, mashine ya kufulia, euro 380 kila kitu humohumo. Anasema ni injinia yuko kazini nchi nyingine hawezi kunionyesha nyumba, ila nikituma kodi ya miezi miwili na dipoziti ananitumia funguo kwa kuria, na ameshanitumia picha ya pasipoti yake. Cha tatu ni chumba kwenye nyumba ya kushea na wanafunzi wawili, ila siyo Tübingen, ni mji wa jirani unaitwa Reutlingen, euro 410, kidogo, kitanda na meza basi, na mwenye nyumba ni mama mtu mzima anataka tuongee kwa video kwanza.

Moyo wangu uko kwenye hiyo apatimenti, kwa sababu ya bei na ni karibu na chuo. Jamaa anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mliopita huko naombeni muongozo. Nawasilisha.

KakaNeckar

Mdogo wangu USITUME HELA. Nimeacha chakula mezani nikuandikie.

Huo ni utapeli na naujua neno kwa neno maana na mimi nilipigwa hivyohivyo 2019. Wangu alikuwa daktari, yuko kikazi ng'ambo, funguo zinakuja kwa kuria, pasipoti hii hapa. Nikatuma euro 900. Nilipofika na mabegi yangu mawili nikaenda mpaka kwenye ile anwani, mtaa upo, nyumba ipo, namba ndo yenyewe, nikabonyeza kengele akatoka bibi mmoja amevaa aproni. Nikampa karatasi nilizoprinti. Akavaa miwani akazisoma zote pale mlangoni, taratibu, mpaka ya mwisho, afu akanishika mkono akaniambia kijana hapa naishi mimi toka mume wangu yuko hai. Akaniingiza ndani akanipa chai. Picha za sebuleni kwake zilikuwa zilezile za kwenye tangazo, kuna mtu alizitoa kwenye tangazo la zamani la kupangisha. Wiki tatu nikalala kwenye godoro chini kwa Mkenya mmoja nilikutana naye kanisani, Mungu ambariki popote alipo.

Sasa angalia na hesabu yenyewe. Tübingen ni mji mdogo, watu kama 90,000, na chuo kipo toka 1477 kina wanafunzi zaidi ya 25,000. Kila Oktoba vyumba vinagombaniwa, wengine wanaanza muhula wakiwa wamelala kwa marafiki. Apatimenti nzima mji mkongwe kwa 380, kila kitu ndani, haipo. Zichukue zile picha uzitafute Google kwa kutumia picha yenyewe siyo maneno, uone zinatokea wapi.

dada_wa_sombetini

Naungana na kaka hapo juu kwa mikono miwili. Mimi ni wa Arusha, nilisoma Stuttgart, na nataka nikwambie kitu ambacho huku nyumbani hatukijui mpaka kikukute.

Ukifika una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya mji, wanaita Anmeldung. Ni kama unavyoenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha, ila kule ni sheria na ndo inafungua milango mingine yote. Na hawakuandikishi kwa maneno, lazima uwe na karatasi ambayo mwenye nyumba amejaza na kusaini kwamba kweli unakaa kwake. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Lishike hilo neno, liandike kwenye kidaftari. Ile viza unayoingilia ni ya miezi michache tu, kibali cha ukaazi unakiombea hukohuko na wanataka anwani uliyoandikishwa, ukitaka kibarua namba ya mlipakodi inatumwa kwenye anwani hiyo, barua zote zinakuja hapo na kule kila kitu ni barua ya posta. Mimi chumba changu cha kwanza kilikuwa kizuri, cha bei poa, ila aliyenipangisha alikuwa anapangisha kwa siri mwenye nyumba hajui, akakataa kunipa hiyo karatasi. Nimehangaika miezi miwili, nimelia kwenye ngazi za ofisi. Toka hapo mtu akiniuliza nichague chumba gani namuuliza kwanza, wanakuandikisha hapo? Kama hapana, achana nacho hata kiwe cha bure.

Pia soma tangazo vizuri, kuna Kaltmiete na Warmmiete, yaani kodi baridi na kodi moto. Baridi ni chumba peke yake. Moto ni pamoja na hita, maji na taka, lakini umeme na intaneti mara nyingi bado viko nje, uliza. Kuna na ada ya redio na TV, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba hata kama hamna TV, mkikaa watatu mnagawana. Dipoziti wanaita Kaution, sheria inasema isizidi miezi mitatu ya kodi baridi, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Na kodi ni ya mwezi kwa mwezi, habari ya miezi sita mbele kama ya kwetu hakuna, mtu akikudai hivyo ujue kuna namna.

Afu usije ukachukua nyumba tupu. Tupu ya kule ni tupu kweli, unakuta jikoni hakuna hata sinki, mabomba yametokeza ukutani tu, mpangaji aliyehama kaondoka na jiko lake lote. Tafuta palipoandikwa möbliert, yaani pana fanicha.

mtoto_wa_rau

Aisee mikono inatetemeka. Nimefanya kama kaka alivyosema, zile picha zimetokea kwenye tangazo la hoteli, tena siyo Ujerumani kabisa. Jana usiku nilikuwa nishafungua fomu ya benki, nilikuwa nasubiri tu mzee aamke nimwage taarifa zote. Mungu ni mwema.

Sasa imebaki Reutlingen au kusubiri hosteli. Kutoka Reutlingen kwenda chuo kila siku siyo mateso?

mama_wa_pasua

Wanangu shikamooni sitoi mimi, ila nawasalimu. Mimi ni mama tu wa hapa Pasua, binti yangu yuko huko Ujerumani mwaka wa pili, mji mwingine. Mambo ya makaratasi siyajui, nasema nilichokiona kama mzazi.

Mwaka wa kwanza alichukua chumba cha peke yake, jiko lake choo chake, na mimi nilifurahi nikasema mtoto wangu yuko salama kajifungia. Ilipofika Desemba nikawa nikimpigia simu naisikia sauti inapungua. Kule mwezi huo saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, anatoka chuo anafungua mlango hakuna mtu wa kumwambia umeshindaje, anakula anaangalia ukuta. Hakuniambia, mtoto ukimlea kuvumilia anavumilia mpaka kwako. Niligundua siku aliponiambia mama usikate simu, iache tu, wewe endelea kupika. Nikaiweka simu juu ya kabati nikawa namenya ndizi yeye anasikiliza, tukakaa hivyo kama saa nzima.

Alihamia nyumba ya kushea wasichana wanne, chumba kidogo kuliko cha kwanza, na nikimpigia sasa nasikia masufuria na vicheko. Kwa hiyo mwanangu kama huyo mama wa Reutlingen ana wanafunzi wengine mle ndani, mimi ningekuombea hapo. Na nenda pale manispaa ukaulizie, Moshi na Tübingen ni miji rafiki toka 2014, kuna watu wa huko wanakuja hapa na wetu wanaenda, huwezi kukosa jina la mtu wa kukupokea.

udongo_mwekundu

Heshima kwako mama. Mimi napingana kidogo na Reutlingen, siyo kwa ubaya.

Dogo anasoma jiolojia, majengo yao yako juu kilimani, upande wa Morgenstelle na hospitali. Na hosteli kubwa za wanafunzi ziko hukohuko juu, Waldhäuser Ost, watu wanaita WHO. Unajua hospitali ya KCMC hapo Moshi inavyokaa juu ya mji? Ndo hivyo, mji mkongwe uko chini kwenye mto Neckar na wewe uko juu. Ukikaa WHO unaweza kwenda darasani kwa miguu, ukimaliza maabara saa nne usiku unarudi bila kuwaza treni. Mtu wa Reutlingen anapanda treni kisha basi la kupanda mlima, na asubuhi ya Januari kukiwa na barafu treni ikichelewa basi nalo limeondoka. Mimi nilikaa mji wa pembeni mwaka mzima na usingizi ndo kitu nilichokosa kuliko chakula.

Ushauri wangu, asubiri WHO, afu kwa miezi miwili mitatu ya kwanza achukue Zwischenmiete, yaani chumba cha mwanafunzi aliyesafiri kwa muda, vinatangazwa sana mwanzo wa muhula.

dada_wa_sombetini

Zwischenmiete sawa, ila swali ni lilelile, wanakuandikisha? Wengi wa muda mfupi hawataki. Na foleni ya WHO inaweza kupita miezi mitatu ikawa sita, huyu mtoto atahama na mabegi mara ngapi? Achukue Reutlingen na jina lake libaki palepale kwenye foleni, akiitwa anatoa notisi. Ila notisi ya kawaida ni miezi mitatu, kwaiyo amuulize huyo mama mapema kama akileta mtu wa kuziba nafasi ataruhusiwa kutoka haraka.

KakaNeckar

Nakubaliana na dada. Treni Reutlingen Tübingen ni kama robo saa, hata Himo hujafika. Basi la kupanda kilimani ndo la kuzoea, hapo udongo_mwekundu kasema ukweli.

Huyo mama kutaka video ni dalili nzuri, anataka kujua anaishi na nani. Na wewe mkague. Mwombe atembee na simu kuanzia mlango wa nje mpaka chumbani bila kukata, afungue bomba, afungue dirisha uone nje, uwasalimie na hao wanafunzi wawili. Kila kitu kiandikwe kwenye mkataba ndo ulipe.

Ukifika kabla hujapanga nguo piga picha kuta zote, nyuma ya kabati, dari, madoa ya zulia, mwandike pamoja na msaini. Dipoziti inarudi au hairudi kwa karatasi hiyo. Na jambo ambalo linatuponza sana watu wa kwetu ni dirisha. Baridi ikianza tunaziba kila tundu, tunawasha hita, tunaanika nguo chumbani. Mimi Februari nilisogeza kabati nikakuta ukuta mweusi, ukungu umepanda mpaka kiunoni kama masizi ya jiko la kuni. Nilikatwa euro 240. Unatakiwa ufungue dirisha wazi kabisa dakika tano kumi, asubuhi na jioni, hata nje kukiwa na theluji, afu ufunge.

Na upande ule wa kusini kuna Kehrwoche, wiki ya kufagia. Unakuta kibao kimening'inizwa mlangoni kwako, maana yake wiki hii ngazi, kibaraza na njia ya nje ni zamu yako, theluji ikianguka unakwangua wewe. Ukimaliza unakihamishia mlango wa jirani. Usikiache. Majirani watakusamehe Kijerumani kibovu ila siyo ngazi chafu, na ukifagia vizuri wiki ya kwanza umeshapata ndugu jengo zima.

mtoto_wa_rau

Wakuu sijui niwashukuruje. Aika sana. Yule injinia nilimwandikia naomba video na ile Wohnungsgeberbestätigung, akanijibu kwamba kuna mwanafunzi mwingine kutoka India analipa leo, baadae nikaona ameniblok.

Mama wa Reutlingen amejibu karatasi ya kujiandikisha anatoa, chumba kina fanicha, dipoziti ni euro 600 na kakubali mafungu matatu bila mimi kubishana. Ananiruhusu kutoka kabla ya miezi mitatu nikileta mtu. Video ni Jumamosi saa kumi jioni kwa saa zetu, kwao saa tisa. Mama yangu atakaa pembeni, amesema na yeye anataka kumwona. Foleni ya WHO nimeiacha ilivyo. Jumatatu naenda manispaa.

Mama wa Pasua, nimemsomea mama yangu ile habari ya simu juu ya kabati, akaenda kukaa nje.

KakaNeckar, kwa hisani yako niandikie namna ya kumsalimia huyo mama kwa Kijerumani, sentensi mbili tatu tu, za heshima.