Mimi ni kundi la damu O, jino limeng'olewa na damu haikati

Mama Mapacha:
Wadau, juzi nimeng'oa gego saa nne asubuhi. Mpaka alasiri bado nang'ata pamba, imelowa chapachapa. Dada yangu wa kundi A aling'oa mwezi uliopita, damu ikakata ndani ya nusu saa. Kuna uhusiano na kundi?

Muuguzi wa Zamu:
Pole sana dada. Upo, ila mdogo. Kuna protini inaitwa von Willebrand, ndiyo inayonasa chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha) kwenye jeraha. Watu wa O wanayo pungufu kwa takriban asilimia 25, na wengi hawajui maisha yao yote. Kwa hiyo mimi nisingelaumu kundi peke yake. Hedhi yako inazidi siku 7? Ulimeza aspirini?

Mama Mapacha:
Aspirini ndiyo, vidonge viwili usiku ule. Jino liliniuma mno.

Muuguzi wa Zamu:
Basi naishuku hiyo kwanza. Athari yake hukaa siku 7 hadi 10. Usirudie bila kumwambia daktari. Na dada yako asibweteke: damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huwapata zaidi wasio O. Akipanda basi la Mwanza kwenda Dar, ashuke kila kituo anyooshe miguu.